Kuvuta na Kubeba

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii nimeisikia tangu utotoni mwangu huko Tanga, na aghalabu hutumiwa kumkanya mtu anayedharau taabu za jirani yake. Nami nimekuja kuionja maana yake uzeeni, katika jambo ambalo wahenga hao hawakuliota: kutafuta gari la kuvuta nyumba.

Nasema nyumba, wala sifanyi mzaha. Huku Marekani, ambako nimekaa zaidi ya miaka thelathini, watu wengi husafiri na tela lenye vitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu. Tela hilo halina injini. Hufungwa nyuma ya gari, likakokotwa mchana kutwa, na jioni likaegeshwa katika uwanja uliotengwa wenye maji na umeme. Mambo haya si ya jana. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Wally Byam, mwanzilishi wa kiwanda cha matela cha Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town, nao ukapita Afrika ya Mashariki na Ethiopia hadi kufika Cairo mwaka uliofuata. Yawezekana baadhi ya wazee wetu waliziona zile nyumba za aluminiamu ziking'aa katikati ya vumbi, wakajiuliza ni tangi za nini.

Nyumbani kwetu mwenye hamu ya tela alikuwa mke wangu. Miaka yote hiyo alifanya kazi katika jiko la hospitali hapa Columbus, Ohio, na alipostaafu aliniambia, "Mzee, nchi hii nimeiona kupitia dirisha la jikoni tu. Sasa nataka niitazame polepole, mpaka mlangoni kwa mwanangu." Binti yetu anaishi Grand Junction, magharibi ya jimbo la Colorado. Barabara kuu iitwayo I-70 inatoka hapa kwetu hadi huko, mwendo wa kilomita zipatazo 2,400. Na wajukuu wawili, watoto wa mwanangu wa kiume, walikwisha kuahidiwa kwamba watakwenda kumwona shangazi yao.

Mke wangu ana kisukari. Insulini yake yataka ubaridi, chakula chake chataka kupikwa kwa kipimo, na choo chataka kuwa karibu. Kwa hiyo lile tela halikuwa anasa. Alilinunua yeye mwenyewe kwa kiinua mgongo chake, tela la kiasi, lenye uzito wa kilo 2,000 likiwa tupu, na lisiloruhusiwa kuzidi kilo 2,700 likishapakiwa. Mimi nikapewa kazi ya kutafuta gari kwa fedha zilizobaki. Fedha hizo zilitosha gari moja tu, wala halikuwa gari la kujaribia.

Katika duka la kwanza la magari nilionyeshwa gari zuri la familia, jeupe, refu, lenye viti saba vya ngozi. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alisema, "Bwana, hili linavuta kilo 3,400. Tela lako likijaa ni kilo 2,700. Umebakiwa na kilo 700 za bure." Hapo ndipo niliposikia harufu ya usufi. Mzigo ulikuwa wangu, na kwake yeye ulikuwa mwepesi mno.

Sikumwona kuwa mwongo. Hesabu ile ya kilo 3,400 ilikuwa kweli, ila ni kweli ya siku moja na watu wawili. Wahandisi wa magari wa Marekani wana utaratibu wa kupima uwezo wa kuvuta, unaoitwa J2807. Katika kipimo hicho gari hupandishwa mlima wenye joto huko Arizona huku kipoza hewa kikifanya kazi, na hutazamwa mwendo wake, breki zake na uthabiti wake. Ni kipimo kizuri, tena kimepunguza majigambo ya viwanda. Lakini ndani ya gari hilo huhesabiwa dereva na abiria mmoja, kila mmoja akiwa na kilo 68. Wajukuu hawamo. Bibi hayumo na masufuria yake. Mimi mwenyewe simo wote, maana nimezidi kilo 68 tangu ujana.

Nilimwomba kijana afungue mlango wa dereva. Pale kwenye nguzo ya mlango, kila gari linalouzwa Marekani siku hizi lina kibandiko kinachosema watu na mizigo kwa pamoja wasizidi uzito fulani. Wengi hukipita bila kukisoma, na kumbe ndicho chenye neno la mwisho. Cha gari lile kilisema kilo 590.

Sasa msomaji tufanye hesabu pamoja. Tela halivutwi tu, bali pia huegemea. Sehemu ya mbele yake hukaa juu ya tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari, na uzito unaokaa hapo yafaa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela zima. Kwa kilo 2,700, tukichukua asilimia 13, tunapata kilo 350. Gari hubeba uzito huo mgongoni kama linavyobeba abiria. Chuma cha kufungia, kile chenye mikono ya kugawa uzito ili gari lisikalie matako, kina kilo 40. Mimi, mke wangu na wajukuu wawili ni kilo 260. Jumla ni 650. Gari limekwisha kuzidiwa kwa kilo 60, nasi hatujapakia hata kikapu cha mihogo.

Hapo ndipo penye siri ya jambo zima. Kuvuta ni kitu kimoja na kubeba ni kingine. Gari laweza kuwa na nguvu za kuvuta na za kubakiza, huku springi, ekseli na matairi yake yakiwa yamefika mwisho. Na kamba, kama tunavyojua, hukatikia pabovu. Haiulizi pale palipo imara pana uimara kiasi gani.

Nilipomwonyesha kijana hesabu hiyo alitabasamu, akasema watu wengi hufanya hivyo na hawapati matatizo. Nilimkumbuka baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, aliyeendesha lori lenye tela kutoka Dar es Salaam kuelekea Zambia, akipanda na kushuka mlima wa Kitonga mkoani Iringa, ambako wengi walipotelea. Yeye alikuwa akisema, "Gari likikushinda kupanda, utachelewa. Likikushinda kushuka, hutachelewa tena." Mimi nami nimeendesha mabasi ya mji kwa miaka ishirini na miwili. Najua kwamba abiria wengi hawapandi basi wakiuliza habari za breki. Humwachia dereva aulize.

Na barabara ya kwenda kwa binti yetu ilitaka kuulizwa. Kutoka Denver I-70 hupanda milima ya Rocky hadi kwenye handaki la Eisenhower, lililo karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Kule juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kiasi cha asilimia 3 kwa kila mita 300 za kupanda, hivyo ikifika handakini imepungukiwa na karibu theluthi ya nguvu zake. Injini yenye tabo haidhoofiki hivyo, kwa kuwa hujisukumia hewa yenyewe. Kisha ukivuka handaki kuna miteremko mirefu, na kandokando zimechongwa njia za changarawe za kuyanasa malori ambayo breki zake zimeungua. Serikali haichongi njia za namna hiyo kwa kupamba mlima.

Kwa sababu hiyo niliyaweka mambo matatu mbele ya ukubwa wa injini. La kwanza ni breki. Majimbo mengi hulazimisha tela zito kuwa na breki zake, na gari lazima liwe na kifaa karibu na dereva cha kuziamrisha breki hizo. La pili ni giaboksi yenye kipozeo cha mafuta yake, na inayokubali kushikilia gia ya chini wakati wa kushuka, ili injini ndiyo izuie mwendo na mguu upumzike. La tatu ni urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Gari fupi nyuma yake likiwa na tela refu ni kama mtoto aliyeshika kamba ya ng'ombe. Kati ya Kansas City na Denver ni tambarare tupu, upepo wa ubavuni haupumziki, na kila lori linalokupita hukusukuma na kukuvuta.

Sisi watu wa pwani tunayajua mambo haya kwa jina jingine. Nahodha hapakii shehena ya jahazi apendavyo. Akizidisha tezi, chombo hakitii usukani, na akizidisha omo, kinachimba maji. Tela nalo ukililemeza nyuma, litaanza kupunga mkia, na gari zima litafuata mkia huo. Likianza hivyo usikanyage breki ya gari kwa hofu. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, bana kwa mkono breki za tela peke yake. Lakini dawa ya kweli hufanywa nyumbani siku ya kupakia.

Niliyatazama na magari ya umeme. Nguvu zake za kuvuta ni za ajabu, ila likifungwa tela refu, umbali linaokwenda kwa chaji moja hupungua karibu nusu, nami sikutaka kumkawiza mgonjwa njiani.

Mwishowe nilipata pikapu iliyotumika, yenye milango minne, injini ya tabo, na vifaa vya kuvutia vilivyotoka nayo kiwandani. Kibandiko chake cha mlangoni kilisema kilo 820. Zile kilo 650 zetu ziliingia, nikaongeza 100 za mizigo, zikabaki 70. Haikuwa nzuri kama lile gari jeupe. Viti vyake vilikuwa vya kitambaa, na mke wangu, mwenye goti linalouma, alilazimika kufungiwa kidaraja cha kupandia. Jamaa mmoja wa hapa, tuliyezoeana kutaniana harusini, aliniuliza kama nimeanza biashara ya kuuza mkaa.

Neno la maana alilisema mke wangu. Tulikuwa tumekaa mezani, nikimweleza kwa nini nimeliacha gari zuri nikaleta lile la kazi, na jinsi uwezo wa kuvuta usivyo uwezo wa kubeba. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mzee, hata wewe ndugu zetu wote wanajua unavuta kiasi gani. Ada ya yule, matanga ya huyu, bati za kule. Mwaka ule ulipolazwa kwa presha, nani alikuwa amekuuliza unabeba kiasi gani?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo nalitafuta. Sisi tulioko ughaibuni huhesabiwa kwa tunachokokota. Nasi twapenda kuhesabiwa hivyo, maana kuna fahari katika kuonekana una nguvu. Silalamiki juu ya ndugu zangu, kwani nilivutwa na wengine kabla sijavuta. Nasema tu kwamba mtu naye ana kibandiko chake mahali fulani, na mara nyingi hakisomwi kwa sababu mwenyewe hafungui mlango. Mwezi ule niliwaandikia wadogo zangu, kwa upole, kuwaeleza ninachoweza kila mwezi na nisichoweza. Mmoja alinuna. Wawili walisema wangalijua mapema wangaligawana mzigo.

Kabla ya kuondoka tulipita kwenye mizani ya malori iliyo kandoni mwa barabara kuu. Ni huduma ya bei ndogo, na kila mwenye tela afaa kuitumia, kwa sababu uzito ulioandikwa kiwandani haujui maji, mitungi ya gesi, wala kinu na mchi wa bibi. Tela letu lilionyesha kilo 2,790, limezidi kwa 90. Tuliyamwaga maji lita 150, maana tungeyakuta kila uwanja wa kulala, tukapima tena: 2,640, na pale kwenye tufe kilo 330. Kinu kilibaki.

Safari tuliifanya kwa siku sita. Hatukuzidi kilomita 100 kwa saa, kwa kuwa matairi mengi ya matela ya namna hii hayakutengenezwa kwa kasi ya zaidi ya kilomita 105. Kule Kansas upepo ulitutikisa, lakini pikapu haikuacha mstari wake. Handakini tulifika polepole nyuma ya malori, na upande wa pili tukashuka kwa gia ya chini, wajukuu wakihesabu zile njia za changarawe. Insulini ilikuwa baridi siku zote sita.

Basi wewe unayetaka kununua gari la kazi hiyo, anza na tela, ulipime kama litakavyokuwa siku ya safari, limejaa. Toa hapo uzito unaoegemea, ujumlishe na watu wako wote kwa majina yao, na chuma cha kufungia, na mizigo. Ukishapata jumla, nenda dukani ukafungue mlango wa dereva, usome. Maneno mengine yote ya muuzaji unaweza kuyasikiliza baadaye.