Kicheko cha Mwalimu

Katika kipindi cha mazoezi ya kufundisha nilipangiwa kuwatembelea wanachuo waliopelekwa katika shule za msingi za Kyela, na mojawapo ilikuwa Ngana, upande wa magharibi wa wilaya, si mbali na mto Songwe unaotutenga na Malawi. Kabla sijafika huko nilikuwa nimekwisha kuliona darasa moja la shule hiyo. Niliona katika simu yangu, nikiwa nimekaa katika ofisi ya wakufunzi, nami nikacheka.

Video ile haikuzidi nusu dakika. Mtoto wa darasa la tatu amesimama mbele ya wenzake, kitabu mkononi, akisoma habari za baba aliyerudi kutoka sokoni na karanga. Yeye anasoma "alipoludi", kisha "kalanga". Sauti ya mwalimu, ambaye ndiye aliyeishika simu, inamtaka arudie. Anarudia. Mwalimu anacheka, na darasa zima linacheka. Mwanachuo huyo, kijana kutoka mkoa mwingine, aliwatumia wenzake kwa WhatsApp, na mmoja wao akatutumia sisi wakufunzi. Sidhani kwamba alikuwa na nia mbaya. Wala mimi sikuwa nayo.

Msomaji anayeifahamu Kyela amekwisha kuelewa. Kinyakyusa hakina sauti ya "r". Mtoto anayesema "kalanga" hasemi hivyo kwa uzembe, bali anasema Kiswahili kwa ulimi alioupata nyumbani, kama vile wageni wengi wa Ulaya, hata wenye shahada, wanavyoshindwa kutamka neno "ng'ombe" mpaka wanazeeka. Huyo mgeni tunamvumilia, tena tunampongeza kwa kujitahidi.

Nilipofika shuleni nilikaa nyuma ya darasa, kama ilivyo desturi, na andalio la somo mapajani. Jambo lililonishtua ni kwamba wengi wa watoto wale walikuwa wakitamka vivyo hivyo. Waliokuwa wamemcheka mwenzao walisema "tulipoludi" na "habali" bila kujijua. Kicheko kile basi hakikuwa chao. Walikiazima kwa mwalimu. Lakini baada ya kukiazima hawakukirudisha. Mtoto yule sasa aliitwa Kalanga: uwanjani aliitwa hivyo, na njiani, kati ya mashamba ya mpunga na mikakao, hata wadogo wasiokuwa na umri wa kuanza shule walimwita hivyo. Zamu yake ya kusoma ilipofika alisema kwamba macho yanamwuma. Mwanachuo wangu alikuwa ameandika katika tathmini ya somo kwamba mwanafunzi mmoja ni mzito wa kusoma.

Tunapozungumza juu ya uonevu shuleni, mara nyingi twaanza na fimbo, na si vibaya. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, navyo sharti viandikwe katika kitabu. Viboko, basi, vina kitabu chake, ingawa sote twajua vingapi huandikwa humo. Kicheko hakina kitabu. Ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo katika kifungu cha 23 inakataza kumnyanyasa mtu kwa ujumbe wa kompyuta au simu. Lakini sheria hiyo huuliza nia, na nimekwisha kusema kwamba miongoni mwetu hapakuwa na mwenye nia mbaya.

Wasomaji wa Mbeya hawajasahau yaliyotokea mwaka 2016 katika Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Mbeya. Walimu waliokuwa katika mazoezi kama haya ya kwetu walimshambulia mwanafunzi wa kidato cha tatu ndani ya ofisi ya walimu, na mwezi wa Oktoba video ya tukio hilo ikaenea nchini. Walimu hao walifukuzwa vyuoni mwao. Wengi husema kwamba simu ndiyo iliyomwokoa yule kijana, maana bila hiyo jambo lingekwisha mle ofisini. Ni kweli. Lakini pia nchi nzima ilimtazama mtoto wa watu akipigwa mateke, na kila aliyempelekea mwenzake video ile alidhani kwamba anamtetea. Mimi mwenyewe niliwapelekea watu wanne. Sikumbuki kujiuliza kama yeye angependa.

Katika bonde hili la kaskazini mwa Ziwa Nyasa palikuwa na desturi ambayo Monica Wilson aliieleza katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951. Wavulana wa rika moja, wakiwa na umri wa miaka kumi hivi, walianza kujijengea vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao, nao walikwenda kula pamoja kwa mama wa mmoja, kisha kwa mama wa mwingine. Wazee waliuita uzuri wa kukaa na wenzako "ukwangala", na waliamini kwamba adabu na busara hupatikana katika mazungumzo ya wenzi. Sisemi turudi huko. Rika linalomkumbatia mtu ndilo hilo hilo linaloweza kumtenga, na mtu aliyejitenga alitazamwa kwa mashaka. Lakini nilipoliona darasa lile nilifikiri kwamba watoto hawa bado hutembea kwa makundi, hula maembe kwa makundi, na kwamba sisi walimu ndio tunaowatoa mmoja mmoja na kuwasimamisha mbele.

Kwa hiyo tulibadili njia ya somo. Mwanachuo aliandaa jozi za maneno: kura na kula, mahari na mahali. Darasa zima lilitamka pamoja, kisha kwa vikundi vya watoto wanne, na kila kikundi kilitafuta sentensi ya kuonyesha hatari ya kulichanganya neno. Sentensi ya baba mmoja aliyepeleka "mahali" kwa wakwe iliwafurahisha sana. Hapo walicheka, na Kalanga alicheka nao, kwa sababu aliyechekwa ni neno. Hakuna mtoto aliyesimamishwa kusoma peke yake kabla ya kikundi chake kumsikiliza. Mwanachuo aliwaambia pia, mbele yangu, kwamba alikosa alipocheka. Halikuwa jambo rahisi kwa kijana wa miaka ishirini na mbili aliyefundishwa kwamba mwalimu akikiri kosa darasa humshinda. Darasa halikumshinda. Mimi nilimwomba mtoto radhi faraghani, nikimwita kwa jina lake. Alisema, "Haya, mwalimu," akatazama chini, nami sijui kama alielewa nilichokuwa nikikiombea radhi.

Wiki ya mwisho alisoma, ndani ya kikundi, kwa sauti ndogo. Jina la Kalanga halijaisha. Mwalimu mkuu ameniarifu kwamba huko njiani bado linasikika. Tulifuta video ile katika simu zetu na kuwataka wanachuo wote wafanye hivyo. Miezi mitano baadaye rafiki yangu anayefundisha Mwanza alinitumia, pamoja na alama za vicheko, akiniuliza kama hao si watu wa kwetu. Nilimwandikia kwamba mtoto huyo namfahamu, yuko darasa la nne sasa, na nikamwomba anitajie aliyempa.