Maua Yasiyonyauka ya Insadong

Katikati ya Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini, kuna mtaa uitwao Insadong. Wakati wa utawala wa Wajapani, uliodumu tangu 1910 hadi 1945, jamaa za kikabaila zilizofilisika ziliuza humo vyombo na picha za wazee wao. Biashara hiyo ikaota mizizi, na hata leo mpenzi wa picha za maua huanzia msako wake katika vichochoro vyake.

Humo huweza kupatikana picha zilizochorwa kwa rangi za maji katikati ya karne ya 20, kabla na baada ya vita vya 1950 hadi 1953. Nyingine zimo juu ya karatasi ngumu itengenezwayo kwa magome ya mti wa jamii ya mforosadi, ambayo huinywa rangi mara moja. Mchoraji akikosea hana la kufuta.

Kwa Wakorea, ua si pambo tupu. Peoni ni utajiri na heshima. Ua la mplamu, lichanualo baridi haijaisha, ni uvumilivu. Yungiyungi, litokalo matopeni bila ya doa, ni usafi wa moyo.

Mnunuzi hutazama kwanza sahihi na mhuri mwekundu pembeni mwa picha. Lakini mhuri nao huigizwa. Mwaka 1991 bibi Chun Kyung-ja, mchoraji aliyesifika kwa picha za wanawake na maua, aliikana picha iliyokuwa katika jumba la taifa la sanaa. Jumba lilishikilia kuwa ni yake. Bibi huyo alifariki mwaka 2015 akiwa bado anaikana. Mwaka uliofuata waendesha mashtaka wakatamka kuwa ni yake hasa, na jamaa zake wakakataa. Ikiwa wakubwa hao hawakupatana, mnunuzi wa kichochoroni hana budi kwenda taratibu, akiuliza picha imetoka kwa nani na imepitia mikono ipi.

Ikishafika nyumbani, adui zake ni wawili: jua, lififishalo rangi, na unyevu, uletao ukungu. Hutundikwa ukutani pasipofikiwa na jua, na kioo kisiiguse karatasi. Asiyeweza kuitunza hivyo ni heri amwachie mwenziwe, kwani ua lililookoka vitani halistahili kufia sebuleni.