Siku Nane Kisimayuu

Ramani nyingi za leo huandika Kismayo, Waitalia waliandika Chisimaio, na Wasomali huandika Kismaayo. Walakini Mbajuni akilitamka jina la mji wake husema Kisimayuu, na hapo mwalimu wa Kiswahili hahitaji mkalimani: ni kisima, tena ni kisima cha juu. Kusini ya mji huo kuna safu ya visiwa inayoufuata mwambao mpaka karibu na mpaka wa Kenya. Humo vimo Koyama, Chovai na Chula, na kimo pia kisiwa kiitwacho Fuma Iyu na Tini, yaani Fuma ya juu na ya chini. Ndugu msomaji, mtu anayedai kwamba Kiswahili ni mgeni Somalia yafaa kwanza aulizwe ni nani aliyevipa visiwa hivyo majina.

Nilifika Kisimayuu mwezi wa Januari 2025, kaskazi ikivuma, kwa mwaliko wa jamaa wa mwanafunzi wangu mmoja wa zamani. Nia yangu ya kwanza ilikuwa kwenda kwa bahari kama walivyokwenda wazee wetu: kutoka Lamu hadi Kiunga, kisha Raskiamboni, kisha kisiwa baada ya kisiwa. Haikuwezekana. Mwezi mmoja kabla ya safari yangu majeshi ya serikali kuu ya Somalia na yale ya utawala wa Jubaland yalikuwa yamepigana papo hapo Raskiamboni, na sehemu kubwa ya bara inayovikabili visiwa imo mikononi mwa Al-Shabaab. Basi nikaenda kwa ndege, na visiwa vyenyewe sikuvikanyaga. Niliyoyapata juu yake niliyapata kwa watu wake waliohamia mjini, nao ni wengi.

Mji wenyewe ni wa mchanga na jua kali. Mchanga huo huingia ndani ya nyumba, ndani ya viatu, na naapa hata ndani ya sukari. Bandari imejengwa miaka ya 1960 kwenye kisiwa kidogo kilichounganishwa na bara kwa njia ya mawe, na mgeni hakaribii huko bila ruhusa. Wenyeji wangu walinipeleka kila mahali wakiwa wawili au watatu, wala sikuwauliza sababu. Julai 2019 hoteli moja ya mji huo ilishambuliwa wakafa watu ishirini na sita. Asubuhi nilikula anjera kwa chai ya viungo, mchana tambi pamoja na ndizi mbivu juu yake. Mazoea hayo ya kula tambi waliyaacha Waitalia, na ndizi ni za bonde la Juba. Mla mbaazi wa Mombasa nilishangaa siku ya kwanza. Siku ya tatu nikaomba niongezwe.

Lakini mimi ni mwalimu wa lugha, na masikio yangu ndiyo yaliyosafiri zaidi. Kisomali ndicho kinachotawala sokoni, ofisini na msikitini baada ya sala, nayo ni haki yake. Chini ya Kisomali nilisikia Kiswahili cha namna tatu. Cha kwanza ni Kibajuni cha wavuvi na wake zao. Cha pili ni cha wanajeshi wa Kenya, walioingia mjini mwaka 2012 Al-Shabaab ilipoondolewa, na ambao walikuja na Kiswahili cha kambini, kifupi na chenye amri nyingi. Cha tatu ndicho ambacho sikukitazamia: Kiswahili sanifu, kilichonyooka, chenye upatanisho kamili wa ngeli, vinywani mwa vijana wa Kisomali ambao baba zao hawakijui. Hawa ni wana wa kambi za Dadaab. Walizaliwa au kulelewa huko Hagadera, Ifo au Dagahaley, wakasoma kwa mitaala ya Kenya, na tangu Desemba 2014 maelfu yao wakarudishwa Somalia kwa hiari, wengi wao wakishukia Kisimayuu.

Siku ya tatu nilikuwa mkahawani karibu na soko la samaki pamoja na mzee mmoja mvuvi, mzaliwa wa Chovai, ambaye nilimwita Ami kama desturi ya huko inavyotaka. Alikuwa akinisimulia habari ya mashua iliyopigwa na kusi, ndani yake mkiwa na “vachu vachachu”. Kijana aliyetuletea chai, mmoja wa wale wa Dadaab, akacheka.

“Adeer, ni watu watatu,” akasema. Kisha akanigeukia mimi. “Mwalimu, huyu mzee wetu Kiswahili chake ni kibovu. Mimi nilipata B katika mtihani wa kidato cha nne.”

Mzee hakukasirika, au alificha. Alisukuma kikombe chake kando, akaniambia, “Haya mwalimu, wewe ndiwe kadhi. Hukumu.”

Niliomba karatasi. Ikaletwa ile iliyofungiwa sukari, nikaigawa kwa mstari katikati, na nikamwomba kijana aandike upande mmoja neno la kitabuni, kisha mzee alitamke lake nasi tuliandike upande wa pili. Mtu, akasema mchu. Watu, akasema vachu. Tatu, akasema chachu. Kijana akaanza kucheka tena. Nikamwambia angoje, nikamtaka sasa aandike maneno yenye ch. Macho, mzee akasema mato. Cheka, akasema teka. Chini, akasema tini. Kicheko cha kijana kikakatika, akaitazama karatasi kwa muda. Alikuwa na akili, nami sikuhitaji kumweleza mengi: penye t yetu mzee ana ch, na penye ch yetu ana t, tena t hiyo ya pili si ile ya kwetu bali huitamka ncha ya ulimi ikiwa menoni. Mtu anayekosea hakosei kwa utaratibu namna hiyo. Kinachofuata utaratibu neno baada ya neno, bila kupotea njia, ni kanuni, na kanuni hiyo mzee aliirithi kutoka kwa mama yake.

Jambo lililoniuma ni kwamba nusu ya kanuni hiyo sisi walimu tunaifundisha kwa heshima kubwa. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imeandikwa kwa Kiamu, na Kiamu nacho husema mato na tini. Mwanafunzi akikutana na maneno hayo katika utenzi tunamwambia, hiyo ni lahaja ya kaskazini, ladha ya ushairi wa kale. Neno hilo hilo likitoka kinywani mwa mvuvi aliye hai, tunachukua kalamu nyekundu.

Yafaa tukumbuke Kisimayuu ulivyoachwa nje. Karne ya 19 mji ulikuwa chini ya Masultani wa Unguja. Mwaka 1875 meli za Misri zikiongozwa na Mwingereza McKillop ziliuteka, zikaondoka baada ya miezi michache tu. Kuanzia 1895 ulikuwa katika himaya ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki, nchi moja na Lamu na Mombasa. Kisha mwaka 1925 Uingereza ikaikabidhi Italia Jubaland, kutimiza ahadi iliyowekwa London mwaka 1915 ili Italia iingie vitani. Hakuna Mbajuni aliyeulizwa. Miaka mitatu baadaye, Juni 1928, wakuu wa elimu walikutana Mombasa wakakichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi. Kimvita kilishindwa katika shauri hilo, lakini angalau kilikuwa na watetezi. Mbajuni wa Kisimayuu hata kushindwa hakupata, maana mkutano ulipofanyika yeye alikwisha hesabiwa kuwa wa Italia. Shule zikaja na Kiitalia. Mwaka 1972 Kisomali kilipopata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini, jambo ambalo kila mpenda lugha za Afrika hulipigia makofi, Mbajuni alipata lugha ya pili ya kusomea ambayo haikuwa yake. Tangu 1925 hadi leo imepita miaka mia moja, na katika miaka hiyo Kibajuni cha huko kimeishi bila daftari.

Mzee alinisimulia pia habari za mpwa wake, nami nazieleza kwa ruhusa yake bila kutaja jina wala nchi. Vita vilipozuka mwaka 1991 Wabajuni wengi walikimbia kwa mashua hadi Kenya, wakawekwa katika kambi ya Jomvu, karibu na Mombasa. Mpwa huyo alikuwa mtoto wa miaka minne. Alikua miongoni mwa watoto wa Mombasa, akasema kama wao. Alipokuwa kijana alifika nchi moja ya Ulaya, akaomba hifadhi akisema ni Mbajuni wa Somalia. Akapigiwa simu na mtu asiyemwona, akaulizwa maswali kwa muda mfupi, na jibu likarudi kwamba Kiswahili chake ni cha Kenya. Kisa kimoja kati ya vingi: kule Uingereza peke yake swali la Mbajuni na uwezo wake wa kusema Kibajuni lilikuwa zito kiasi cha kutolewa hukumu ya mwongozo na baraza la rufaa la uhamiaji mwaka 2004. Siwalaumu wote wanaohukumu mashauri hayo, maana wapo pia wanaojisingizia, na wataalamu wa isimu wameandika mara nyingi wakionya kwamba lugha huonyesha mahali mtu alipokulia, si lazima pasipoti yake. Ila tazama hali ya ukoo huo mmoja. Mjomba anachekwa mkahawani kwa kusema vachu. Mpwa alinyimwa hifadhi kwa kusema watu.

Nilimuuliza mzee kama mpwa wake sasa anajifunza Kibajuni. Akasema, “Anajifunza kwa simu. Kila Ijumaa hunipigia, namfundisha majina ya samaki.”

Na majina ya samaki ndiyo yaliyojaza siku zangu zilizobaki. Mzee alinieleza uvuvi mmoja ambao nilikuwa nimeusoma tu. Yuko samaki mwenye kinasio kipana utosini ambacho kwacho huganda kwenye papa na kasa. Kamusi zetu humwita chazo. Mbajuni humwita taza, na msomaji atakuwa amekwisha itambua ile kanuni ya karatasi ya sukari ikifanya kazi yake. Wavuvi wa visiwani walimfunga kamba mkiani, wakamchukua baharini, na walipomwona kasa wakamwachilia. Taza humwendea kasa akamganda, na mvuvi huvuta kamba taratibu, bila pupa, maana akivuta kwa nguvu hukosa wote wawili. Mtaalamu wa Kiitalia Vinigi Grottanelli aliyaeleza maisha ya wavuvi hao katika kitabu chake cha mwaka 1955. La ajabu ni kwamba Christopher Columbus alipopita visiwa vya kusini ya Cuba mwaka 1494, wenzake walisimulia kuwa waliwaona wenyeji wa huko wakivua kasa kwa samaki wa namna hiyo hiyo. Nilipomwambia mzee kwamba ng'ambo ya bahari nyingine, katika visiwa vya Karibi, palikuwa na watu waliojua kazi hii, hakustaajabu hata kidogo. Aliuliza jambo moja tu: “Nao walimfunga mkiani?” Nikamwambia ndivyo ilivyosimuliwa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama fundi aliyesikia habari za fundi mwenzake.

Tangu tarehe 4 Machi 2024 Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Kwa hiyo shauku imeanza. Mwalimu mkuu wa shule moja ya watu binafsi alinijia akitaka ushauri wa vitabu, na akauliza kama ataweza kupata walimu kutoka Kenya au Tanzania. Nilimpa majina ya vitabu. Nikamwambia pia kwamba shuleni kwake, kwa hesabu yake mwenyewe, wamo watoto kumi na moja wa Kibajuni ambao hutoka nyumbani na lugha hii asubuhi, na kwamba mwalimu atakayekuja, atoke atokako, asianze kazi kwa kuwasahihisha hao. Aanze kwa kuwauliza. Alisikiliza kwa adabu. Sijui kama nilimshawishi. Alikuwa na haraka, na bei ya vitabu ilimshughulisha kuliko lahaja.

Aliyeshawishika ni yule kijana wa mkahawa. Siku ya sita nilimkuta ameinunulia ile karatasi ya sukari mrithi, daftari la kurasa thelathini na mbili, ameligawa kila ukurasa kwa mstari katikati. Wateja wakipungua alasiri huketi karibu na mzee, upande mmoja huandika neno alilolijua, upande wa pili alilopewa. Siku niliyoondoka walikuwa wamefika kwenye sehemu za mashua, na walikuwa wanabishana, maana kijana alisema neno moja ni la Kisomali na mzee alisema Wasomali ndio walioliazima kwao.