Mkuku wa Gari

Hakuna gari lililozaliwa Mafia. Kila gurudumu lizungukalo kati ya Kilindoni na Bweni, na kila gari lishukalo Utende kupeleka wageni wa Hifadhi ya Bahari, lilivuka maji kwanza. Kabla ya kivuko kuanza safari za Nyamisati, gari lilipandishwa jahazini kwa mbao mbili na kushushwa ufukoni kwa mbao zile zile, maji yakiwa ya bamvua. Hivyo si ajabu kwamba watu wa huko huliangalia gari kwa jicho la chombo. Wakiulizwa gari hili ni la nani, huuliza kwanza: limetoka wapi?

Swali hilo lilimkuta nahodha mmoja wa Kilindoni, mtu wa makamo yaliyokwisha kupita, aliyeuza hisa yake katika mashua ili anunue Land Rover ya zamani huko Mombasa. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa gari la aina hiyo, la serikali, na mwana alijifunzia usukani humo akiwa amekaa juu ya gunia la nazi. Mkewe hakupinga. Alisema tu kuwa mashua ilikuwa ikileta samaki nyumbani, na hilo gari litaleta nini?

Lilikuwa Series IIA, lile refu, lenye inchi 109 kati ya ekseli na ekseli. Taa zake za mbele zilikuwa zimekaribiana katikati ya uso kama macho ya papa-nyundo aliyepigwa na kukunjwa, na hiyo ilikuwa dalili ya kwanza ya umri, kwani hadi kufikia mwaka 1969 kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilikuwa kimeshazihamishia kwenye mabawa. Mwili ulikuwa mzima. Gari hili lilipobuniwa na kuonyeshwa hadharani mwaka 1948, chuma cha pua kilikuwa adimu kwa sababu ya vita vilivyomalizika, basi likavishwa aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Lakini chini yake, chasisi ni chuma kitupu, na hewa ya pwani hukila kutoka ndani kama mchwa alavyo boriti. Wengi wamenunua ngozi inayong'aa wakaja kugundua baadaye kwamba uti wa mgongo haupo.

Na katika chasisi ndimo jina lilimo. Magari ya siku hizi hubeba namba ya herufi na tarakimu 17, iliyokubaliwa kimataifa. Yale ya miaka ya 1960 kila kiwanda kilikuwa na sarufi yake. Land Rover ya toleo hilo ilipigwa tarakimu 8 na herufi 1, kwenye kikono cha chuma kinachoshika springi ya mbele upande wa kulia. Tarakimu 3 za mwanzo ndizo zisemazo. Kwa gari refu la petroli, 251 ni la kubaki kwao, 252 ni la kusafirishwa likiwa na usukani wa kulia, 253 ni la usukani huo huo lakini lilisafirishwa vipande vipande likaunganishwe lifikako. La Nahodha lilianza na 252. Maana yake ni kwamba tangu siku ya kuzaliwa lilikusudiwa kuvuka bahari. Bahari ipi, namba haisemi.

Alipolifikisha upande wa Tanzania kupitia Horohoro, mambo yalikwama mahali padogo sana. Kadi ya Kenya ilisema tarakimu ya saba ni 3. Chuma kilikuwa na shimo la kutu mahali hapo, na kilichosalia kingeweza kuwa 3, au kingeweza kuwa 8 iliyoliwa ubavu wa kushoto. Kile kibao kidogo cha ndani kilikuwa kimeng'oka, yamebaki matundu ya misumari. Injini nayo ilikuwa ya gari jingine, jambo la kawaida kwa chombo kilichoishi zaidi ya nusu karne. Ofisa aliyelikagua alikuwa kijana mwenye adabu. Alisema, “Shikamoo mzee, gari lako silikatai. Ila sijui kama ni hili.”

Wapenzi wa mashairi watalitambua shimo hilo. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalitungwa Mombasa hiyo hiyo, aghalabu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Yalikusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah pamoja na Mwingereza Taylor, na Hichens akayachapisha mwaka 1940, takriban miaka 100 baada ya mshairi kufariki. Kwa hati za Kiarabu za mtindo wa kale, be moja ilibeba b, p na mb, na msomaji alitegemewa kujua. Nukta ikifutika, neno huwa jingine. Waandishi kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, walionakili tenzi kwa mkono mzuri ajabu, walikuta karatasi zilizoliwa, na kila mnakili ilimpasa kuamua: aache pengo, au alijaze kwa neno linalofuata vina? Lililojazwa vizuri ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa halionekani.

Fundi wa gereji alikolilaza gari alikuwa na uamuzi tayari. “Nahodha, hiyo tarakimu nakugongea mimi dakika tano tu. Kadi inasema tatu, chuma kiseme tatu. Nani atauliza?”

Nahodha akamjibu, “Na ikiwa ilikuwa nane?”

Fundi akacheka. Lakini hilo halikuwa swali la mzaha. Ikiwa ni 8, basi kadi ni ya gari jingine, na hili lina mwenyewe mahali fulani, au warithi wake, na yule aliyeliuza Mombasa aliuza asichomiliki. Kwa nyundo moja Nahodha angekuwa na gari halali kwa karatasi, na asingejua maisha yake yote amepanda cha nani. Kwa upande mwingine, kila siku ya kungoja ilikuwa na malipo yake, na fedha ya mashua ilikuwa ikiyeyuka.

Mjukuu wake aliandika Gaydon, Uingereza, kwenye jumba la makumbusho linalotunza madaftari ya kiwanda na kutoa vyeti kwa wanaoomba. Cheti kilikuja: gari lenye namba ile ya kadi lilipakwa rangi ya kijivu na kupelekwa Mombasa. Nyuma ya kiti, chini ya matabaka mawili ya kijani, kucha ya Nahodha ilifikia kijivu. Alifurahi kama aliyeona nchi kavu. Kijana wa ukaguzi akakisoma cheti mara mbili, akakirudisha kwa mikono miwili. Karatasi, alisema, inashuhudia gari. Haijashuhudia chuma hiki. Magari ya kijivu yalikuwa mengi.

Ni ugumu uliomstahili kijana yule sifa, ingawa siku ile hakusifiwa.

Kilichobaki ni tindikali. Nyundo inapopiga tarakimu kwenye chuma, haichimbi tu ule mfereji unaoonekana. Hukandamiza chuma kilicho chini yake pia. Mfereji ukisagika, ule mkandamizo husalia. Mtaalamu akisugua uso ukawa laini na kuupaka tindikali, sehemu iliyokandamizwa huliwa kwa namna tofauti na jirani zake, na alama iliyopotea huweza kuonekana. Polisi hutumia njia hiyo kwa bunduki zilizofutwa namba. Si kila mara hufaulu, na kutu ikizama sana hakuna kitu. Nahodha aliambiwa hivyo waziwazi, na kwamba jibu likishatoka halirudishwi. Akasema wapake.

Ilichukua muda. Kisha mstari ukajitokeza kwa weusi hafifu, ukajipinda mara mbili, mgongo wake ukiwa kulia. Ubavu wa kushoto ulikuwa mtupu. Ukapigwa picha upesi, kwani alama za namna hiyo huweza kufifia tena.

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida: namba ya injini ikaandikwa kama ilivyo, si kama ilivyokuwa; ukalipwa ushuru uitwao wa uchakavu, jina ambalo Nahodha alilitamka kwa uchungu kila alipolitaja; zikatoka namba za Tanzania. Nyamisati alilipandisha kivukoni mwenyewe, akakaa ndani yake safari nzima badala ya kupanda juu.

Siku ya tatu alikuja kwake fundi mzee wa mashua kutoka Jibondo. Hakutazama injini wala viti. Alilala chali mchangani, akaingia chini, akapitisha kidole kwenye chasisi toka omo hadi tezi, na sauti yake ikasikika kutoka huko ikisema mkuku bado una miaka, ila utataka sifa ya papa kila kusi ikianza. Nahodha akapaka kopo zima. Tangu hapo gari likipita Kilindoni, hata asiyeliona hulijua kwa harufu.