Nani Atamwamsha Mama?

Aliyepita darasani katika nchi hii anaijua methali ya Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Nimeifundisha miaka mingi, shuleni na baadaye katika chuo cha ualimu, na sikumbuki mwanafunzi aliyeniuliza Baniani mwenyewe anakivulia wapi kiatu hicho. Hapa Mwanza hukivulia Mtaa wa Temple, katikati ya mji, mlangoni mwa hekalu.

Nilikwenda huko kwa mwaliko wa mzee mwenzangu, muuza vitambaa, ambaye tumefahamiana tangu tungali vijana. Ilikuwa Navratri, masiku tisa ya Mama, ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Wahindu wenye asili ya Gujarat, ambao wazee wao walikuja kandokando ya ziwa hili kwa biashara ya maduka na pamba, humwita Mata au Amba, na yote mawili maana yake ni mama. Ndiye Durga, aliyemwua Mahishasura, jitu lenye umbo la nyati lililowashinda miungu wa kiume wote.

Ukumbini kulikuwa na chungu cha udongo kilichotobolewa matundu pande zote, na ndani yake taa ikiwaka. Wanawake walikizunguka wakicheza na kupiga makofi. Chungu hicho huitwa garbo, neno litokanalo na garbha la Kisanskriti, yaani tumbo la uzazi. Taa ndiyo uhai ulio tumboni. Mimi ni Msukuma. Uani kwa bibi yangu palikuwa na kijumba cha masamva, mizimu ya ukoo wetu, na hakuna mtoto aliyethubutu kuchezea pale. Habari ya mahali patakatifu sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Lililonishangaza ni sanamu yenyewe. Rafiki yangu alinieleza kuwa inapotoka kwa fundi ni jiwe tu. Makuhani huisomea na kuitia pumzi, na kuanzia siku hiyo ni mwenyeji wa nyumba. Alfajiri huamshwa, huogeshwa, huvishwa, hupewa chakula, na usiku hulazwa. Waumini huenda kumwona, naye awaone. Siku haiwezi kurukwa.

Nilitazama waliokuwapo nikaona si wengi. Mwaka 1971 majumba mengi ya kupangisha yalipotaifishwa, Waasia wengi waliondoka nchini, na vijana wao wameendelea kuondoka hata baada ya mambo kutulia. Watoto wa rafiki yangu wako Leicester, Uingereza, na kila mwaka humwita.

"Huendi kwa nini?" nikamwuliza. Nilidhani atanitajia duka.

"Mwalimu," akasema, "nikienda mimi, akienda na yule pale, nani atamwamsha Mama?"

Nilimwambia kwamba mungu wa kusubiri kuamshwa na mzee mwenye magoti mabovu ana shida. Akacheka sana, akamtafsiria kuhani. Kuhani hakucheka. Alisema Mama halali hata kidogo. Wanaolala ni watu, na kazi ile ya alfajiri wamepewa wao ili waamke. Sijui kama wanazuoni wao wote wangekubali. Mimi jibu lile lilinikaa, maana nimewahi kuendesha bweni la vijana mia mbili.

Ikafika zamu ya taa kuzungushwa mbele ya sanamu, kisha prasad, chakula kilichokwisha kutolewa kwa Mama, kikagawiwa: vipande vya nazi na sukari. Mimi ni Mkristo, na waraka wa Paulo kwa Wakorintho juu ya vyakula vya sanamu naufahamu. Nilinyoosha mkono wa kulia, wa kushoto chini yake, kama tunavyopokea kitu kwa mkubwa, nikala. Rafiki yangu hakuwa akinitazama. Alikuwa amepiga magoti yake mabovu kando ya chungu, akiongeza samli katika taa.