Hasara ya Ulaghai Imwangukie Nani?

Mlaghai akitoweka huacha nyuma yake watu wawili wasio na hatia, nao hubaki wakitazamana kwa uchungu. Ndivyo ilivyotokea kwetu Bwera msimu wa kahawa uliopita. Jirani yangu, mama mjane, alimkabidhi mchuuzi magunia matatu baada ya kuonyeshwa katika simu ya mchuuzi yule ujumbe kwamba fedha zimekwisha kutumwa. Ujumbe ulikuwa wa uongo. Siku ile ile magunia yaliuzwa sokoni Mpondwe kwa mnunuzi aliyelipa taslimu, kwa bei ya haki. Mama alipoyatambua alidai arudishiwe. Mnunuzi akakataa, nasi majirani tukaitwa kusikiliza.

Moyo wangu ulikuwa kwa mama, kwa kuwa kahawa ile ndiyo karo ya watoto wake. Lakini huruma peke yake haiamui shauri. Mali iliyoibwa humrudia mwenyewe, hata kama aliyeinunua hakujua. Bali mali ambayo mwenyewe ameiuza kwa hiari, ingawa kwa kudanganywa, huwa halali ya mnunuzi wa pili, madhali ameinunua kwa nia njema kabla mauzo ya kwanza hayajabatilishwa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa inafuata kanuni hiyo. Fikira yake ni ya kale: mwaka 1787, huko Uingereza, Jaji Ashhurst alieleza kwamba kati ya wawili wasio na hatia, hasara imwangukie yule aliyempa mdanganyifu nafasi.

Kanuni hii ni chungu, lakini naiona kuwa ya haki. Kama kila mnunuzi angehofia kunyang'anywa gunia alilolilipia, nani angethubutu kununua Mpondwe? Tena, kati ya wawili hao, ni mama aliyeweza kuizuia hila, kwa kutazama salio katika simu yake mwenyewe. Niliyasema hayo mbele yake, wala haikuwa rahisi.

Hata hivyo, deni la mlaghai halikufutika. Ni juu ya polisi kumsaka, na juu yetu majirani kuchangia karo ya watoto wale. Nanyi akina mama ambao waume zenu wako kazini mbali, msitoe mali kwa kuamini ujumbe ulio katika simu ya mtu mwingine. Mali bila daftari huisha bila habari.