Kisiwani Huwezi Kususa

Nyinyi wenzangu mnaorushiana picha za hanimuni Zanzibar, viti vyeupe ufukweni na dafu lenye mrija, hebu nisogeleeni kidogo. Na mimi nimeishi kisiwani. Tena si wiki moja, miezi sita mizima! Ila kisiwa changu hakikuwa na viti vyeupe, na wa kwanza kunipokea alikuwa mbuzi wa watu, aliyenila nusu ya kofia ya ukili nikiwa bado kwenye foleni ya kivuko.

Ngoja nianze mwanzo. Mimi ni binti wa Tarime. Kazi yangu ni mahesabu ya maduka, natembea nayo kwenye kompyuta, penye umeme na bando ndipo ofisini kwangu. Mume wangu ni wa Mugumu, wilaya ya Serengeti, mhandisi wa maji. Hapa nitamwita Mura, maana huko tulikoenda kila mtu alimwita hivyo. Mkurya akifika ugenini jina lake halisi hupotea siku ya kwanza.

Tulikuwa na miaka mitatu kwenye ndoa wakati kampuni yake ilipopata kazi ya kulaza mabomba Ukerewe. Miaka mitatu, na nyumba bado ya watu wawili. Wenye ndoa changa mnajua maswali yanavyokuja. Mwaka wa kwanza wanauliza kwa kucheka, wa pili wanauliza kwa huruma, wa tatu hawakuulizi tena, wanaulizana wao kwa wao ukiwa jikoni.

Siku ya kuaga Mugumu, mama mkwe alitupikia ugali wa ulezi na kuku wa kienyeji. Tulipokwisha kula akanishika mkono. "Mkamwana, nendeni salama. Lakini mkirudi, rudini watatu." Shangazi yake Mura, ambaye mdomo wake hauna breki, akadakia kwamba kama imeshindikana, nyumba ntobhu bado ipo. Kwa msioijua, hiyo ni mila yetu Wakurya: mwanamke asiyejaliwa watoto, au aliyekosa mtoto wa kiume, anaoa binti kwa ng'ombe zake ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Aliitamka kama utani. Nilicheka kama utani. Njia nzima kutoka Mugumu kupita Nata mpaka Bunda nilikuwa naangalia dirishani.

Kutoka Bunda unashika njia ya Kisorya, na pale ndipo barabara inapoishia majini. Ng'ambo unaiona kabisa, Rugezi hiyo pale. Lakini mimi kwetu maji mengi niliyoyazoea ni ya Mto Mara, na humo ukiingia unakutana na mamba, kwa hiyo kuogelea halikuwa somo tulilofundishwa. Nilivuka nimefumba macho, mkono mmoja kwenye bomba la kivuko, mwingine kwenye shati la Mura. Tulipofika ng'ambo shati halikuwa na vifungo viwili.

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na wilaya yake ina visiwa 38. Mimi niliyezaliwa kwenye baridi ya Tarime, juu huko kwenye kama mita 1,500, nilibeba masweta mawili na blanketi la manyoya. Nansio jua lilinicheka. Blanketi tulilifanya zulia.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya bibi mmoja mjane, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu. Ilikuwa nyumba safi, machungwa uani, ila bomba halikuwa limefika. Ndiyo, umesoma vizuri. Mume alikwenda kupeleka maji kwa watu, mkewe akawa anabeba ndoo kutoka ziwani. Nikimlalamikia ananijibu, "Mama, mtaa wetu uko awamu ya tatu."

Aibu ya kwanza niliipata kwa dagaa. Mura aliwakaribisha wenzake wa kazini chakula cha jioni, nami nikaapa watakula dagaa wabichi mpaka wasahau kwao. Alfajiri nikajitia mjanja, nikashuka mwaloni na ndoo kubwa na noti mkononi. Mitumbwi yote imelala mchangani, wavuvi wanacheza bao. Nikauliza dagaa wako wapi. Mama mmoja akaniangalia kuanzia viatu hadi kilemba. "Dada, kwani jana usiku hukuona mwezi?" Kumbe dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Taa ndiyo inayowavuta wajikusanye. Mbalamwezi ikiwaka kila mahali, taa ya mvuvi haina kazi, na mitumbwi inapumzika. Wageni walikula mayai. Tangu siku hiyo nilikuwa nahesabu mwezi kuliko mshahara.

Aibu ya pili ni wale wadudu wa ziwani wanaotokea kama moshi juu ya maji. Jioni moja nikauona moshi unakuja, nikamwambia Mura kuna nyumba inaungua huko ng'ambo. Dakika chache baadaye ulikuwa umetua kwenye mashuka yangu meupe niliyotoka kuyafua, kwenye uji, kwenye nywele, na ndani ya mdomo wa Mura, ambaye wakati huo alikuwa ananieleza kwamba si moshi.

Mpaka hapo ni vicheko. Mwezi wa tatu mambo yakageuka.

Nilianza kuchoka bila sababu. Tumbo linauma, chakula sikitaki, asubuhi kichefuchefu. Shosti, unajua nilifikiria nini. Sikumwambia mtu, lakini Mura ana macho. Jioni moja alirudi na machungwa kumi na nguo moja ndogo ya mtoto, ya njano, kaikunja mfukoni kama noti. Kabla sijapima chochote, mwenzangu alikuwa ameshapiga simu Mugumu. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Shangazi yule yule alinitumia meseji ya kuniita "mama".

Kesho yake tulikwenda kupima. Mhudumu akarudi na majibu, akakaa, akasema mimba hakuna. Nilikuwa na kichocho.

Alinieleza taratibu, nami niwaeleze, maana wengi mnaokwenda kutembea kanda ya ziwa mnajirusha tu majini. Vijidudu vya kichocho hukua ndani ya konokono wadogo wa maji baridi, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Hakuna jeraha, hakuna maumivu pale pale. Dalili zinaweza kuja wiki kadhaa baadaye. Na mimi kila asubuhi nilikuwa nafulia nguo nikiwa nimezama mpaka magotini, naimba. Dawa yake ipo, praziquantel, unapewa vidonge kwa kadiri ya uzito wako. Nilimeza, nikapata kizunguzungu siku moja, nikapona.

Kilichoniuma hakikutibika kwa vidonge. Nani atapiga simu Mugumu?

Nilipiga mimi. Mama mkwe alinyamaza, kisha akasema, "Pole, mwanangu." Hakuna zaidi. Ningependa angegomba.

Yule mhudumu alikuwa ameuliza swali moja zaidi: miaka mitatu, mmeshapima wote wawili? Mimi nilishapima Musoma mara mbili, kwa siri, sikuambiwa tatizo lolote. Mura hajawahi. Nilimuuliza usiku ule. Mtu mpole, anayeosha vyombo bila kuombwa, alibadilika kama hali ya hewa. "Kwetu hakuna mwanaume mwenye tatizo hilo," akasema. Nikamuuliza, kwa hiyo mwenye tatizo ni nani? Hakujibu. Akageukia ukutani. Mimi nikatoa begi.

Sasa sikilizeni. Kwetu Tarime mwanamke akiudhiwa, anaondoka. Anashika njia, anarudi kwa baba yake, na mume atajua mwenyewe atakujaje na wazee wake. Ndiyo silaha tuliyoachiwa na mama zetu. Asubuhi Mura alikwenda kazini Ukara bila kuaga, nami nikapanda pikipiki mpaka Rugezi na begi langu. Nilikuwa nimeshapanga na maneno nitakayomwambia baba.

Kivuko hakikuvuka. Upepo ulikuwa mkali, mawimbi yanapanda gatini, tukaambiwa tusubiri. Nikasubiri mpaka saa tisa, nimekaa juu ya begi katikati ya magunia ya machungwa, nimenuna vizuri kabisa, na hakuna wa kuniona nilivyonuna. Kisiwani huwezi kususa, jamani. Unasusa mpaka ukingo wa maji, kisha unageuka.

Niliporudi, bibi mwenye nyumba aliliona begi, hakuuliza. Akaniuliza tu, "Baba yuko wapi?"

"Ukara."

Akatazama juu ya miti ilivyokuwa inalala kwa upepo. Lazima niwakumbushe hapa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kinatoka Bugorora kwenda Bwisya, Ukara, kilipinduka kikikaribia kufika. Ilikuwa siku ya gulio. Walikufa watu zaidi ya 220. Kule, kila ukimtaja Ukara wakati wa upepo, watu hunyamaza kwanza ndipo wanajibu.

Nikapiga simu ya Mura. Haipatikani. Nikapiga tena. Bibi akaleta kigoda akakaa karibu yangu. "Mjukuu wangu," akasema, "ziwa halijui kama mmenuniana."

Usiku ule ulikuwa mrefu kuliko miezi mitatu yote. Bibi hakulala, nami sikulala. Katikati ya usiku akaingia ndani, akatoka na kitabu kinene kisicho na jalada, cha marehemu mumewe. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Mwandishi ni mtu wa hapo hapo Ukerewe, Aniceti Kitereza. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapwa mwaka 1980 na Tanzania Publishing House, mwaka mmoja kabla hajafa. Bibi akaniambia nisome kwa sauti, macho yake hayaoni vizuri.

Nikasoma kwa tochi ya simu. Mume na mke wanapendana, hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanakuja kumchukua. Mume anabaki na nyumba baridi, na badala ya kuoa mwingine kama anavyoshauriwa, anafunga safari ukweni kumrudisha mkewe, anaambiwa alete pombe ya ndizi, na anahangaika mpaka anaipata. Majina mawili ya mwisho kwenye jina la kitabu ni ya watoto wao. Lakini kurasa na kurasa kabla yake, hao watu wawili wako pamoja wanatafuta dawa. Wote wawili. Nilipofika mahali fulani sauti ikakatika, bibi akasema, "Endelea, bado yuko njiani."

Mura alifika saa mbili asubuhi, matope mpaka kiunoni. Walikuwa wamezuiwa kuvuka, na simu iliisha chaji. Aliliona begi mlangoni. Akaliona na mimi nimelikalia.

"Ulikuwa unaenda?"

"Kivuko hakikuvuka."

Akacheka, mimi nikalia, au ilikuwa kinyume chake, sikumbuki. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Nikipata ruhusa wiki ijayo, twende Mwanza tukapime."

Tulikwenda. Daktari alikuta mbegu zake ni chache, na mishipa imevimba kwenye korodani, jambo ambalo linaweza kurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Akatuambia tusidhani tuko peke yetu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia tatizo la kupata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Tena katika karibu nusu ya wanandoa wenye tatizo hilo upande wa mwanaume unahusika. Mura alisikiliza yote kimya. Kwenye meli ya kurudi Nansio akaniuliza swali moja: "Ulipima Musoma mara mbili peke yako?" Nikaitikia. Akanishika mkono mpaka tukatia nanga.

Kazi ilipoisha tulirudi Mugumu, watu wawili kama tulivyoondoka. Mama mkwe alitupokea kwa ugali ule ule, shangazi akiwa amekaa pale pale. Nikajiandaa kwenda kujificha jikoni. Mura akanishika kanga. "Kaa." Kisha, mbele ya mama yake, shangazi na kaka zake wawili, akasema: "Tumepima. Shida iko kwangu. Natibiwa. Mtu asimuulize mke wangu tena."

Wanawake wa Mara mnajua hilo neno lina uzito gani. Hakuna ng'ombe wa mahari anayelifikia. Shangazi kwa mara ya kwanza alitafuta breki akaipata. Mama mkwe aliinuka, akamnawisha mwanawe mikono mwenyewe, na akatuwekea chakula.

Upasuaji umefanyika, na bado ni wawili. Nguo ya njano iko kabatini, hatuifichi. Sasa tuko bara, mabasi ni mengi, na nyumbani kwa baba ni mwendo wa asubuhi moja tu. Lakini tukikorofishana, na tunakorofishana, mmoja wetu huchungulia dirishani, hata kama jua linawaka na jani halitikisiki, akasema: "Leo upepo mkali. Kivuko hakivuki."

Basi yule mwingine anarudisha begi chini ya kitanda.